Jina Halichelewishi Tiba
Anayedai kwamba katika chumba cha dharura jina la mhudumu ni anasa, kwa kuwa mgonjwa anataka kupona tu, anakosea. Anayefikishwa hospitali ya Ekerenyo baada ya ajali ya bodaboda humwita "daktari" kila mwenye koti jeupe, awe afisa wa kliniki, muuguzi au mwanafunzi. Kesho akiulizwa nani aliagiza dawa iliyomsababishia vipele, atamtaja nani? Kate Granger, daktari Mwingereza aliyeugua saratani, alilitambua tatizo hilo akiwa mgonjwa, akaanzisha kampeni ya wahudumu kujitambulisha mwaka 2013. Ndiyo, aliyezirai hasikii, lakini jamaa yake anasikia. Beji nazo nyingi hugeukia kifuani, zikawa hazisomeki. Kujitaja kwa Ekegusii, lugha ya wenyeji wa Ekerenyo, huchukua sekunde chache, hata foleni ikifika langoni.