Fornés hana deni la machozi

Kuna watu wakisikia "mwandishi wa kike Mlatino" wanangoja vitu vitatu tu: mpaka, sanduku na machozi. Ati hiyo ndiyo sauti halisi. Wacha tuambiane ukweli: hilo ni zizi.

María Irene Fornés alizaliwa Havana mwaka 1930, akahamia Marekani akiwa bado kijana. Angeuza stori ya uhamiaji maisha yake yote. Lakini mwaka 1977 akatuletea Fefu and Her Friends: wanawake wanane, nyumba moja, New England ya 1935. Katikati ya tamthilia watazamaji wanainuliwa vitini, wanagawanywa makundi manne, wanazungushwa bustanini, maktaba, chumbani na jikoni, huku waigizaji wakirudia kila onyesho mara nne. Mwishoni Fefu anampiga sungura risasi huko nje, na ndani Julia anatokwa damu kwenye paji la uso.

Ni vichekesho? Msiba? Uchawi? Wewe umesimama jikoni, vicheko vinatoka chumba kingine, na unajua kuna kitu kinakupita. Ndivyo tunavyowajua wanawake: vipande vipande. Umbo lenyewe ndilo hoja.

Na msiseme alisahau watu wake. Pale INTAR, New York, alifundisha waandishi Walatino kwa miaka. Mmoja wao, Nilo Cruz, akashinda Pulitzer ya tamthilia mwaka 2003, Mlatino wa kwanza.

Kwa hivyo ukimuuliza mwandishi mbona haandiki mateso ya kwao, jiulize kwanza: nani alikupa kalamu yake?