Hakuanguka, Basi Ameiva?

NG'AMBO YA FERI
Na Mwanahawa Athmani

Mtoto hakuanguka. Nalitanguliza hilo ili wale wenzangu wa Mtongwe, wanaoniandikia kila wiki kunikumbusha kwamba mimi huona balaa hata kwenye kikombe cha chai, wapumzike kidogo. Hakuanguka, hakuteguka, alishuka salama na akapigiwa makofi. Na makofi hayo ndiyo yaliyonikera mpaka leo.

Ilikuwa Jumamosi, hapa Likoni, kwenye hafla ya mheshimiwa mmoja ambaye simtaji, maana nikimtaja atadhani nampigia kampeni. Tuliambiwa saa nne. Saa saba bado tunapepeana kwa kadi za mwaliko, mheshimiwa amekwama feri, ugonjwa ambao huwapata wakubwa wakija kwetu na kuwatoka kabisa wakirudi kwao. Ili kutupoza, MC akaita kundi la sarakasi.

Sarakasi mimi naipenda. Nenda ufuo wa Pirates jioni utawaona vijana wa Kisauni wakipiga vichwangomba mchangani, mmoja anaruka, wengine wanamsahihisha, hakuna tiketi wala kipaza sauti. Ni kazi iliyolisha nyumba nyingi za pande zetu: shoo za mahotelini Bamburi na Diani, kisha mwenye bahati akapata mkataba Ulaya au Uarabuni. Kuna akina mama Bombolulu wanaolala chini ya mabati yaliyonunuliwa na kijana aliyekuwa akipenya pete ya moto mbele ya watalii. Sina ugomvi na pete ya moto. Ugomvi wangu ni na orofa ya tatu.

Piramidi yao ilikuwa ya kawaida: wanne chini, wawili mabegani, mmoja kileleni. Yule wa kileleni hakuwepo, nikaja kuambiwa baadaye amepata kibarua cha hoteli Malindi. Kochi akageuka, akawatazama watoto waliokaa pembeni, wale ambao kazi yao ni kubingirika mwanzoni mwa shoo ili watu wacheke, akanyoosha kidole. Kikainuka kitoto kimoja. Kaptula ya manjano imekunjwa kiunoni mara mbili kwa kuwa si yake, kifundo cha mkono wa kulia kimefungwa kipande cha leso. Kabla hajakanyaga goti la kwanza alimtazama kochi. Kochi akamjibu kwa kidevu: juu.

Chini ni kabro, vitofali vya zege. Si mchanga wa Pirates, si nyasi, si godoro. Kabro.

"Huyu ana miaka saba tu!" MC akapaza sauti, na noti zikaanza kutoka mifukoni. Mtoto akasimama juu ya mabega ya watu, magoti yakitetema hata kaptula ikawa inapepea bila upepo, akanyoosha mikono, akatoa tabasamu lile la kuagizwa. Mheshimiwa ndio kwanza anashuka garini. Akachomoa elfu moja, akaiinua juu sote tuione. Vigelegele.

Nilimfuata kochi nyuma ya hema. Kijana mwenye adabu zake, alinipisha kiti.

"Mwanangu, yule mtoto amepanda kileleni mara ngapi kabla ya leo?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza, mamangu. Lakini ameiva."

"Umejuaje ameiva?"

Akacheka kwa mshangao, kama niliyemuuliza bahari iko wapi. "Si umeona hakuanguka?"

Jamani. Wali hauivi kwa kupigiwa makofi. Kutoanguka mara moja ni bahati, na bahati hiyo sasa imegeuzwa cheti. Wiki ijayo kitoto kile kitaitwa tena, safari hii bila hata kutazamwa machoni, kwa kuwa ameshahitimu. Nani alimtahini? Elfu moja ya mheshimiwa.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia Katibu. Huyu ni mwenzangu wa nyumbani, niliyembandika jina la Katibu wa nyumba: hana maoni ya chakula mpaka kimalizike, ila ya michezo anayo hata usingizini. Akaniambia, "Nadia Comăneci alikuwa na miaka 14 kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, akapata 10 kamili ya jimnastiki mpaka ubao wa alama ukashindwa kuiandika, ukaonyesha 1.00. Angengoja aive kwanza?"

Nikamwambia kwanza Montreal hakuna Mkenya aliyeshindana, tulisusia pamoja na nchi nyingi za Afrika kwa sababu New Zealand ilikwenda kucheza raga kwa makaburu. Pili, amalizie hadithi. Wenye mchezo wao waliwatazama watoto wale, wakatazama na mifupa yao, wakaanza kuupandisha umri. Toka 1997 msichana hashindani na wakubwa mpaka mwaka anaotimiza 16. Nadia yule yule, na 10 yake ile ile, leo angeambiwa arudi akacheze na wenzake. Katibu akaomba chai.

Na siyo kwamba huko nje wana roho nzuri kuliko sisi. Wana vizuizi. Marekani wamepanga ngazi 10 kabla mtoto hajafika daraja la juu kabisa, na huvuki kwenda ngazi za juu bila alama zilizowekwa na umri uliowekwa. Kochi hawezi kuamka siku ya harusi akasema fulani hayupo, panda wewe. Sisi ngazi zetu ni nyuso tu za ardhi: mchangani, kisha nyasini, kisha kwenye vigae vya hoteli. Utaratibu mzuri kabisa kama ungefuatwa, maana mchanga humsamehe mtoto na kigae hakisamehi. Lakini kitoto changu cha kaptula ya manjano kilitolewa mchangani kikapelekwa kabroni na orofani kwa mkupuo mmoja, katikati ya foleni ya pilau.

Kuhusu kile kipande cha leso. Nilimuuliza kochi, akasema mkono humuuma akijipindua, "atazoea tu." Hayo hayazoeleki, mwanangu. Kwenye kifundo cha mkono wa mtoto mfupa bado unarefuka, na pale unaporefukia ni laini kuliko mfupa wenyewe. Ukiutwika uzito wa mwili mzima kila siku, maumivu ni taarifa. Mtoto anayeumwa katika ngazi ya chini hapandishwi, hupumzishwa. Hilo halihitaji daktari, hata wachukuzi wa soko la Kongowea wanalijua.

Sasa hiyo miaka saba. Mama mmoja jirani na meza yangu aliniambia kwa sauti ya chini mtoto ana tisa. Kinachovuta noti ni saba, kwa hiyo MC akampunguzia. Akikua kidogo akatokea wakala wa safari, umri utapandishwa, kwa kuwa pasipoti ya mtoto ina maswali mengi. Mchezo wa kuvuta miaka si wetu peke yetu. China ilipokonywa shaba ya timu ya wasichana ya Sydney 2000 miaka 10 baadaye, ilipobainika Dong Fangxiao alishindana akiwa na miaka 14. Lakini angalau walikuwa na mtu wa kuwapokonya. Hapa MC anasema saba, mama anasema tisa, na mwenye kuuliza anaitwa mchawi wa vipaji.

Maana jina hilo nilipewa pale pale. "Mama Mwanahawa, usiue kipaji." Hii kauli siku hizi ndiyo ufunguo wa kila mlango. Mtoto akiimba hadi saa sita za usiku, ni kipaji. Akiuza karanga Jumatatu asubuhi, huenda nako tutaambiwa ni kipaji. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mtoto chini ya miaka 13 asiajiriwe kwa namna yoyote, awe analipwa au halipwi. Noti za Jumamosi ziliokotwa kabroni, zikahesabiwa, zikaingia mkobani mwa mtu mzima. Mtoto nilimwona na soda na sahani ya pilau. Mkitaka kuiita kipaji, iiteni, lakini mkoba ulikuwa wa kazi.

Mnajua chanzo? Chanzo ni sisi watazamaji. Tumekuwa watu wa kupandisha. Darasani serikali imetuzoesha sera ya asilimia mia, wote wavuke, kusoma watajua huko mbele. Basi na uwanjani tunataka hivyo hivyo, ila huku mbele hakuna darasa, kuna kabro. Mtoto anayefanya vizuri kilicho saizi yake hatumtazami, tunaangalia simu. Akipandishwa palipomzidi ndipo tunainua simu hizo hizo kumrekodi. Kochi si mjinga, anauza tunachonunua.

Zamani Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilipeleka vijana China kusomea sarakasi, wakakaa huko miaka wakifundishwa kabla ya kurudi kuonyesha. Miaka, nasema. Leo kundi linazaliwa mfungo mosi na mfungo tatu linatumbuiza harusini.

Mkiniuliza mtoto apande lini, jibu langu ni fupi. Apande akishaichoka ngazi ya chini, akiweza kuifanya akiwa amechoka, amenuniwa, na hakuna anayemtazama. Na asiamuliwe na mtu ambaye chakula chake cha jioni kinategemea kupanda kwake. Kochi aseme neno lake, sawa. Lakini awepo na mtu wa pili, mama, mwalimu wa shule, nyanya, yeyote asiye na sehemu katika noti, na neno la huyo wa pili likiwa hapana, liwe hapana.

Nimeshajua mtakachoniandikia. "Bi Mwanahawa, mtoto mwenyewe alitaka." Simone Biles, mwanajimnastiki wa miaka 24 aliyekwisha kushinda kila kitu, alisema hapana katikati ya mashindano ya Olimpiki pale Tokyo mwaka 2021, na dunia nzima ikamkalia kikao. Wa miaka tisa atasema hapana kwa nani, kwa kidevu cha kochi? Kila mtoto anataka kupanda, hata mnazi. Nyinyi mniandikie jambo moja tu: katika makundi yenu yote, mtoto akitaka kushuka, nambari yake ya simu ya kupiga ni ipi?