Uzi wa Coventry
Wiki hii sokoni Giteranyi nilimtazama mama akimalizia ukingo wa kikapu, sindano ikiingia na kutoka kwenye majani makavu, nikaikumbuka Stalingrad. Novemba 29, 1943, mjini Tehran, Churchill alimkabidhi Stalin upanga uliofuliwa kwa mkono, zawadi ya Mfalme George VI kwa raia wa mji huo wa Kisovieti uliosagwa na vita. Kazi nzuri ile, lakini moyo wangu uko kwa wanawake wa Coventry, Uingereza, ambao mji wao wenyewe ulikuwa umeteketezwa na ndege za Wajerumani Novemba 1940. Walitarizi majina yao kwenye kitambaa cha meza, zaidi ya 800, jina baada ya jina, wakakipeleka Stalingrad pamoja na fedha walizochangishana. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliofiwa unajua pa kushika. Zawadi ya aliyeungua moto uleule inaushinda upanga wa mfalme. Sisi Warundi tuliokimbilia Tanzania mwaka 1972 na 1993 tunaujua moto huo. Basi, ndugu zangu, Wakongo walioko katika kambi ya wakimbizi ya Gasorwe wasingoje mabalozi, tuwapelekee kazi za mikono yetu, na chakula juu yake.