Besi la babu uvunguni: Kabla ya kuliuza au kumpa mtoto, lipime kwanza

Chukua mfano wa nyumba moja ya Ipinda, wilayani Kyela. Mama anafanya usafi katika chumba cha marehemu baba yake kabla mvua kubwa hazijaanza. Uvunguni anavuta kasha refu jeusi, kona moja imeliwa na mchwa. Ndani kuna gitaa la besi la nyuzi nne. Nyuzi zimeota kutu, na kasha zima linanuka ukungu.

Jioni hiyo nyumba inagawanyika. Mdogo wake wa kiume anasema, "Dada, kuna mtu Mbeya ananunua vitu vya zamani. Tuuze, tulipie ada." Binti wa miaka 13, mwimbaji wa kwaya ya vijana, naye anasema, "Mama, kwaya yetu haina mpiga besi. Naomba nijifunze mimi."

Wote wawili wana hoja, lakini wote wameruka hatua moja. Mgonjwa akifika zahanati hapewi dawa kabla ya kuulizwa maswali na kupimwa. Gitaa la zamani nalo ni hivyo hivyo. Anayeuza bila kupima anaweza kupewa bei ya kuni, na anayempa mtoto bila kupima anaweza kumpa hatari asiyoiona.

Lilifikaje nyumbani?

Swali la kwanza ni la historia. Enzi za muziki wa dansi, bendi nyingi za Tanzania zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki. Jeshi, polisi na magereza nao walikuwa na bendi zao. Katika mpango huo vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, si ya mpigaji. Makwaya nayo hununua vyombo kwa michango ya waumini.

Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, waulize wazee: babu alilinunua, alipewa, au alilitunza tu kwa niaba ya bendi au kanisa? Tafuta stakabadhi, barua, au picha ya babu akiwa nalo jukwaani. Hayo yanalinda familia isigombane na mtu baadaye, na yanaongeza thamani.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni wa Paul McCartney wa The Beatles. Mwaka 1961 alinunua besi aina ya Höfner mjini Hamburg, Ujerumani, kwa karibu pauni 30. Iliibwa London mwaka 1972. Februari 2024 ilitangazwa kwamba imepatikana na kurudishwa kwake, baada ya kukaa darini kwa familia moja kusini mwa Uingereza. Mbao zake ni sawa na za Höfner nyingine za wakati ule. Kilichoifanya isiwe na mfano ni kwamba historia yake inathibitika.

Soma namba zake

Jina lililoandikwa kwenye kichwa cha gitaa si ushahidi. Jina hubandikwa. Miaka ya 1970 viwanda vya Japani vilitengeneza magitaa mengi yenye umbo la yale ya Marekani, na baadhi yake ni mazuri kabisa, lakini bei yake sokoni ni tofauti.

Leo Fender wa California ndiye aliyeanza kuuza besi ya umeme aina ya Precision mwaka 1951. Kwa Fender za zamani, namba iko kwenye bamba la chuma nyuma, pale shingo inapoungana na mwili. Kuanzia mwaka 1976 namba hiyo ilihamia kichwani.

Kipimo kingine kiko ndani. Mwombe fundi wa redio unayemwamini afungue kifuniko na kuangalia kifaa kidogo cha duara kilicho chini ya kitufe cha sauti. Kwenye magitaa mengi ya Marekani kina tarakimu saba. Tatu za kwanza ni za kiwanda kilichotengeneza kifaa, mbili zinazofuata ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki. Ukikuta 1376632, maana yake ni kiwanda cha CTS, mwaka 1966, wiki ya 32. Gitaa haliwezi kuwa la kabla ya hapo, isipokuwa kama kifaa kilibadilishwa. Piga picha kila unachokiona, na kila kipande kinachotolewa kiwekwe kwenye bahasha.

Hapo ndipo unapoweza kuongea na mnunuzi. Mtumie picha hizo hizo watu zaidi ya mmoja, Mbeya na Dar es Salaam, na linganisha majibu. Anayekuharakisha uuze leo leo, bila kukupa nafasi ya kuuliza kwingine, ana sababu yake.

Unyevu wa ziwa, na rangi mpya

Kyela ni bonde lililo kando ya Ziwa Nyasa, na ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini. Unyevu huo unaostawisha mpunga na kakao ni adui wa chombo cha mbao na waya. Shingo hupinda, chuma huota kutu, na gundi huachia.

Usilianike juani ukidhani unalisaidia. Joto la ghafla hupasua mbao na rangi. Lifute kwa kitambaa kikavu, liache kivulini penye hewa, legeza nyuzi kidogo, na liweke mbali na sakafu na ukuta unaotoa maji. Kasha lenye ukungu lisafishwe nje ya nyumba, na mtoto mwenye pumu asikae karibu. Fundi akichomelea waya, watoto wasimame mbali na moshi, na anayeshika risasi ya kuchomelea anawe mikono kabla ya kula.

Kosa linaloumiza mfuko zaidi hufanywa kwa nia njema: kumpelekea fundi alipake rangi mpya ling'ae. Wanaonunua vyombo vya zamani hulipa zaidi kwa rangi ya asili hata ikiwa imechubuka. Gitaa lililopakwa upya hupoteza sehemu kubwa ya bei yake, na rangi ya kwanza hairudi.

Nyuzi ni jambo jingine. Nyuzi za besi ni ghali, na wapigaji wengi hufufua zile zilizofifia kwa kuzichemsha kwenye maji, kisha kuzikausha vizuri. Inasaidia kwa muda. Lakini nyuzi zilizoliwa na kutu zitupwe, kwa sababu hukata vidole na kula chuma za shingo. Kazi ya maji ya moto ifanywe na mtu mzima.

Umeme hauna mazoea

Nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa na bodi ya amplifaya kupitia waya. Amplifaya ikiwa na hitilafu, au soketi ikiwa haina waya wa ardhini, umeme unaweza kufika kwenye vidole vya mtoto. Hatari huongezeka anaposhika nyuzi huku mdomo ukigusa kipaza sauti kilichounganishwa kwenye mashine nyingine. Sakafu yenye unyevu na miguu mitupu huzidisha hatari hiyo.

Wanakwaya wengi wamewahi kusema "maiki inapiga shoti" na kuendelea kuimba. Mzazi asikubali mzaha huo. Shoti ndogo ni onyo kwamba mashine izimwe na fundi aitwe. Amplifaya ya zamani yenye waya wa pini mbili ikaguliwe kwanza. Angalia pia maandishi ya nyuma: mashine iliyotengenezwa kwa volti 110 au 120 itaungua ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230. Mvua ya radi ikianza, mazoezi yasimame na plagi zichomolewe.

Mtu akinaswa na umeme, usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Akiwa amepoteza fahamu na hapumui, aliyefunzwa aanze kumkandamiza kifua huku wengine wakitafuta usafiri wa kwenda hospitali. Hata akiamka na kusema yuko sawa, apelekwe akapimwe moyo.

Kitu kisicho na spea

Sasa tuje kwenye kipimo ambacho karibu kila familia inakisahau. Shingo iliyopinda hunyooshwa. Waya hubadilishwa. Hata gitaa la mwaka 1966 lililozimika linaweza kulia tena wiki hii. Lakini ndani ya sikio kuna chembechembe ndogo zenye vinyweleo, ndizo zinazopokea sauti. Zikifa kwa kelele, haziioti tena. Hakuna fundi wa kuzirudisha, Mwanjelwa wala Kariakoo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 kwa wiki. Ikifika desibeli 100, zinabaki dakika 20 tu kwa wiki nzima. Kwa watoto kiwango kinachoshauriwa ni cha chini zaidi, desibeli 75 kwa saa 40.

Mpiga besi ana shida ya ziada. Sikio la binadamu halisikii sauti nzito kwa wepesi linavyosikia sauti nyembamba, kwa hiyo kishawishi cha kuongeza sauti hakiishi. Tena kwa kawaida husimama pembeni ya ngoma na matoazi. Weka hayo kwenye chumba kidogo chenye paa la bati na kuta tupu, saa tatu za mazoezi, mara tatu kwa wiki.

Dalili zinajulikana. Mtoto anarudi nyumbani masikio yakilia kama nyenje, anasikia kana kwamba ameziba, anaanza kuuliza "unasemaje?" na kuongeza sauti ya runinga. Mlio ukizidi siku moja au ukijirudia, apelekwe hospitali akaonwe na mtaalamu wa masikio. Kwenye mazoezi, spika zisielekezwe usoni, mtoto apumzike kila baada ya muda nje ya chumba, na atumie vizibo vya sponji vya masikio. Pamba ya kawaida haitoshi. Kipimo rahisi cha mzazi: ukisimama hatua moja kutoka kwake na inabidi upaze sauti ndipo akusikie, hapo pana kelele mno.

Mwili wake unalimudu?

Besi ya kawaida ina uzito wa kilo 4 hivi au zaidi, na urefu wa nyuzi zinazolia ni sentimita 86. Ziko fupi za sentimita 76, ikiwemo ile Höfner yenye umbo la fidla, ambayo ni tupu ndani na nyepesi. Kwa mtoto wa miaka 13, ufupi huo ni nafuu kubwa. Mkanda wa begani uwe mpana, vipindi vya kwanza visizidi dakika 20, na maumivu ya kifundo cha mkono yasiitwe uvivu. Malengelenge ya vidole hupona. Ganzi ya mkono ni sababu ya kupumzika na kuuliza daktari.

Na kama nyumbani hakuna gitaa, mzazi asikope. Ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu, Malawi, kuna chombo kiitwacho babatoni, besi ndefu ya kujitengenezea yenye uzi mmoja na ngozi ya ngoma. Madalitso Band ya huko imepiga babatoni hadi kwenye matamasha ya Ulaya, na haikuanza na chombo cha dukani. Mtoto anaweza kujifunza mapigo na usikivu kwa uzi mmoja kabla ya kudai nne. Akidumu mwaka mzima, ndipo pesa ya kakao itafutiwe gitaa la mtumba. Na kabla ya kulilipia, lipigwe likiwa limewashwa, kila uzi kila nafasi, na muuzaji aandike stakabadhi.

Turudi Ipinda

Yule mama afanye nini, basi? Asiamue jioni hiyo. Aulize wazee, apige picha, amwite fundi, aandike namba. Ikionekana ni gitaa la thamani na ni mali halali ya familia, ndugu wote wakae na kukubaliana, kwa sababu babu hakumwachia mtoto mmoja. Ada ya shule ni sababu ya heshima ya kuuza.

Ikionekana ni gitaa la kawaida, la bei ndogo, basi huenda linamfaa zaidi binti kuliko mtu wa Mbeya. Litengenezwe, amplifaya ikaguliwe, na siku ya kwanza ya mazoezi mama aende naye. Akae mlangoni asikilize. Asipoweza kuongea na jirani yake bila kupaza sauti, aingie amwombe mwalimu wa kwaya apunguze. Binti ataona aibu kidogo mbele ya wenzake. Aibu hiyo itapita, na masikio yatabaki naye hadi uzeeni.