Tajeni majina ya waliokufa El Adde

Tangu Januari 15, 2016, serikali ya Kenya haijawaambia Wakenya ni wanajeshi wangapi waliokufa katika kambi ya El Adde nchini Somalia. Hatuulizi siri za vita. Tunauliza idadi ya wafu, kisha majina yao. Kuwanyima wananchi mambo hayo mawili ni dhuluma, na lawama zake ziwaendee wote waliokalia viti vya Ikulu na Wizara ya Ulinzi tangu siku hiyo, walioanza kuficha na waliorithi kuficha wakaona kunawafaa.

Waliokuwa El Adde, katika eneo la Gedo, walikuwa askari wa miguu. Vijana wa Kenya Rifles, waliopelekwa huko chini ya kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, kulinda kambi ya kombania moja katikati ya nyika. Ijumaa hiyo, kabla ya mapambazuko, al-Shabaab waliingiza gari lililosheheni vilipuzi, kisha wapiganaji wakafuata nyuma yake. Wapo waliokufa wakiwa kwenye mahandaki yao, wapo waliotekwa, na wapo waliotoroka wakatangatanga msituni hadi wenzao wakawapata. Hayo tunayajua. Hesabu ndiyo iliyofungiwa kabatini.

Siku chache baadaye mkuu wa majeshi wa wakati huo, Jenerali Samson Mwathethe, alijitokeza kueleza yaliyotokea. Alisema vilipuzi vilivyotumika vilikuwa na nguvu mara tatu ya bomu lililolipua ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mwaka 1998. Msomaji autazame vizuri ulinganisho huo. Jeshi lilikwisha kupima uzito wa bomu lililolipuka ugenini, lakini halikuweza kusema ni wangapi kati ya watu wake halali walikuwa wamekufa. Kila mwanajeshi ana nambari yake ya utumishi. Ana faili, ana mshahara unaoingia benki kila mwezi, ana jina la ndugu wa karibu wa kuarifiwa akipatwa na neno. Hakuna jeshi duniani lisilojua nani aliitika asubuhi na nani hakuitika. Wizara ya Ulinzi ilijua mapema mno. Ilijua mshahara upi usimamishwe na mjane yupi afunguliwe faili la pensheni.

Na bomu lile la 1998 alilolitaja jenerali lina bustani yake ya kumbukumbu pale pale ubalozi ulipokuwa. Ukutani yamechongwa majina ya waliouawa Nairobi siku ile ya Agosti 7: makarani, wapita njia, wanafunzi wa uhazili waliofunikwa na jengo la Ufundi. Aliyefiwa anaweza kwenda pale, akalitafuta jina kwa kidole mpaka likapatikana, akasimama. Mji huu basi unajua namna ya kuwataja wafu wake. Raia wamewekewa ukuta wenye majina. Askari aliyetumwa na taifa kwenda kufa kwa niaba yake amebaki kuwa tetesi.

Tuyakumbuke ya Wilson pia. Majeneza ya kwanza yalitua katika uwanja huo wa ndege Januari 18, manne, yakiwa yamefunikwa bendera, na Waziri wa Ulinzi, Raychelle Omamo, akaenda kuyapokea. Kamera ziliruhusiwa. Kisha yakaanza mambo yasiyo na kamera: miili iliyoharibika kiasi cha kutotambulika, wazazi waliotoa vipimo vya DNA wakaambiwa warudi nyumbani wakasubiri simu, matanga yaliyokaa majuma bila maiti. Katika siku hizo hizo serikali ilitishia kuwakamata waliokuwa wakisambaza picha za wanajeshi waliouawa, na mwanahabari mmoja akatiwa ndani kwa yale aliyoyaandika mtandaoni kuhusu shambulio hilo. Picha za maiti hatuzitetei. Tunalosema ni kwamba serikali iliyokuwa na haraka ya kumkamata mwenye kuhesabu ilipaswa kwanza kuhesabu yenyewe.

Januari 27 ibada ya kumbukumbu ilifanyika katika kambi ya Moi, Eldoret. Rais Uhuru Kenyatta alikuwepo, na kando yake Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia na Rais Muhammadu Buhari wa Nigeria. Marais watatu walisimama kuomboleza watu ambao idadi yao haikutajwa. Haukupita muda, huyo Rais wa Somalia akasema katika mahojiano ya televisheni kwamba waliouawa walikuwa kati ya 180 na 200. Jeshi la Kenya, KDF, likakanusha. Lilikanusha idadi ya rais huyo bila kutoa yake lenyewe! Mwezi Mei shirika la habari la CNN likaja na 141. Kwa hiyo Mkenya anayetaka kujua wangapi walikufa wakiwa wamevaa sare ya nchi yake anapaswa kuchagua kati ya kauli ya rais wa nchi jirani na uchunguzi wa televisheni ya Marekani.

Mwaka mmoja baadaye, Januari 27, 2017, kambi ya Kenya ya Kulbiyow, nayo nchini Somalia, ilishambuliwa. Safari hii jeshi lilitoa idadi: wanajeshi tisa. Al-Shabaab wakadai kadhaa wa kadhaa zaidi. Huenda tisa ilikuwa kweli tupu. Lakini ni nani, baada ya El Adde, angeichukua bila kuitilia shaka? Jeshi lililokaa kimya mwaka mzima lilikuwa limejivunjia heshima ya kuaminiwa hata linapotoa idadi kwa hiari.

Ugonjwa huu haukuanza na serikali ya Jubilee. Pale barabara ya Kenyatta, kati ya matatu na wauza magazeti, wamesimama watu watatu wa shaba, kazi ya mchongaji Mwingereza James Stevenson, waliozinduliwa mwaka 1928. Ni ukumbusho wa askari wa Kiafrika na wapagazi waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Chini yao kuna maandishi, Kiswahili kikiwemo, yanayomwahidi mpiganaji kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Zunguka sanamu yote utafute jina hata moja. Hakuna. Ahadi ya jina imechongwa kwenye jiwe ambalo halikuandikwa jina.

Na haikuwa bahati mbaya. Tume ya makaburi ya vita ya himaya ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1917, ilijiwekea kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, afisa na askari wa kawaida wakipewa jiwe la namna moja. Ufaransa na Ubelgiji kanuni hiyo ilifuatwa. Afrika Mashariki ilikunjwa ikawekwa pembeni. Keya, wale askari wa King's African Rifles, walianza vita mwaka 1914 wakiwa na batalioni tatu na kumaliza na 22. Ndio waliomfukuza kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, hadi Msumbiji na kurudi. Mzungu aliyeanguka kati yao alitafutiwa kaburi au ubao wa kuandikwa. Wao na wapagazi wao wakaambiwa sanamu ya jumla inawatosha.

Ripoti ya tume hiyo yenyewe, iliyotolewa Aprili 2021, inakiri hayo bila kuzunguka. Wafu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Imo humo kauli ya Horace Byatt, gavana wa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwamba makaburi makubwa ya wapagazi Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo, na kwamba yeye hakupenda hata kuifikiria idadi ya Waafrika waliokufa. Gavana huyo angestarehe sana katika Wizara ya Ulinzi ya Kenya mwaka 2016.

Uingereza iliomba radhi bungeni kupitia waziri wake wa ulinzi. Novemba 2023 Mfalme Charles alifika katika makaburi ya Kariokor, Nairobi, akawakabidhi wazee waliopigana Vita vya Pili medali mpya badala ya zile zilizopotea. Radhi iliyochelewa miaka mia si kitu cha kushangilia, lakini iliambatana na kazi: watafiti wa tume walianza kupekua kumbukumbu za zamani pamoja na maafisa wa KDF, na katika makabrasha yaliyohifadhiwa na jeshi letu wenyewe yakapatikana majina zaidi ya 3,000 ya watu wa Kenya waliotumikia vita ile ya kwanza. Makaratasi yalikuwepo muda wote. Karani fulani wa kikoloni aliyaandika, mtu mwingine akayatunza, yakatajwa hadharani baada ya karne nzima. Tunauliza: faili za El Adde nazo zisubiri mpaka mwaka 2116?

Watetezi wa ukimya wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba kutaja idadi kunampa adui nguvu. Adui yupi? Al-Shabaab waliiteka kambi ile, wakaizunguka na kamera, na Aprili 2016 wakatoa filamu ndefu ya propaganda inayoonyesha mauaji yale. Wao walihesabu wakiwa papo hapo. Waliofichwa ni wazazi wa Bungoma, wa Kitui na wa Kilifi, na wapiga kura wote ambao Katiba, kifungu cha 35, inawapa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Serikali ilipofunga mdomo, filamu ya adui ikageuka kuwa ndiyo taarifa pekee ndefu kuhusu vita hiyo. Zawadi kubwa kuliko hiyo wapiganaji wale wasingeweza kuiomba.

Atakayebisha atazame Uganda. Mei 26, 2023 kambi yao ya Buulo Mareer, Somalia, ilivamiwa kwa mtindo ule ule. Rais Museveni, ambaye gazeti hili halijawahi kumsifu kwa uwazi, alitangaza baada ya siku chache tu kwamba wanajeshi 54 walikutwa wamekufa, kamanda wao akiwa mmojawapo, na akasema waziwazi kwamba baadhi ya maafisa walikosea. Jeshi la Uganda halikuvunjika. Halikuondoka Somalia mbio. Waganda walilia kwa hesabu inayojulikana.

Hoja ya pili ni ya heshima zaidi, kwamba familia zinahitaji faragha na kutaja majina ni kutonesha kidonda. Basi familia ziulizwe. Ziandikiwe barua, moja moja, na ile itakayosema jina la mwanawe lisiwekwe ukutani isikilizwe. Zisisemewe na msemaji aliyevaa nishani ambaye hajawahi kukaa nao kwenye mkeka. Fidia na pensheni zilizolipwa, na wapo wanaolalamika kwamba zilichelewa, haziwezi kuhesabiwa kuwa ndizo kumbukumbu.

Hukumu yetu ni hii. Wizara ya Ulinzi ichapishe majina ya wanajeshi wote wa Kenya waliokufa Somalia tangu majeshi yetu yalipovuka mpaka Oktoba 2011, kila jina na cheo chake, kikosi chake, kwao alikotoka, na tarehe na mahali alipofia. Waliotekwa wasirudi na wale ambao miili yao haikupatikana waandikwe kwa hali hiyo hiyo, bila maneno ya kuzungukazunguka. Ripoti ya uchunguzi wa jeshi kuhusu El Adde ifunguliwe, na yale tu yanayogusa usalama wa walio vitani leo ndiyo yafutwe. Ukuta wa majina ujengwe mahali pa wazi, ambapo mama hatahitaji kuomba ruhusa langoni ndipo aingie. Bustani ya Uhuru, Lang'ata, ambayo ukarabati wake ulisimamiwa na jeshi lenyewe, ina nafasi ya kutosha. Majina 3,000 ya keya na wapagazi yawekwe hapo hapo, kabla ya mtu yeyote kuandaa hotuba nyingine ya Oktoba 20 kuhusu mashujaa.

Kwa haya hakuna haja ya sheria mpya wala kamati ya wataalamu ya kukaa hotelini Naivasha. Ni kazi ya karani mwenye orodha ya mishahara na mashine ya kuchapisha, kazi ya wiki mbili. Waziri akikataa, Kamati ya Ulinzi ya Bunge la Kitaifa imwite. Bunge ndilo lililopewa na Katiba mamlaka ya kuidhinisha majeshi kupelekwa nje, nalo limekuwa likijifanya halioni. Wabunge wamwapishe, wamuulize swali moja, wangapi walikufa El Adde, na wasimwachie aondoke mpaka jibu lake liwe limeingia kwenye Hansadi.