Fundi akisema vali izibwe, mwambie aisafishe

Ikiwa nyumba yako inakula kwa jasho la pikapu au lori dogo la dizeli, makala haya ya leo yanakuhusu. Na ikiwa huna gari lolote, ila mtoto wako husimama kando ya barabara kila asubuhi akingoja matatu, yanakuhusu zaidi.

Huenda umewahi kuyasikia maneno haya gerejini. Gari limepungua nguvu. Linatetemeka likiwa limesimama, linatoa moshi mweusi kama wa tanuri, na taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Fundi anafungua boneti, anachungulia, kisha anatikisa kichwa.

"Mzee, shida ni hii EGR. Tuizibe tu, gari litaruka."

Bei anayotaja ni ndogo. Kipande cha chuma kinakatwa, kinatobolewa matundu ya bolti na kupachikwa kwenye njia ya moshi. Kabla ya chai ya saa nne kazi imekwisha. Gari linaondoka likiwa jepesi, nawe unamshukuru fundi kwa kukuokolea pesa za karo. Lakini hebu tujiulize: kitu hicho kiliwekwa pale kwa sababu gani?

KAZI YA VALI HIYO

EGR ni vali inayochukua sehemu ya moshi unaotoka kwenye injini na kuurudisha ndani, uchanganyike na hewa safi. Kwa mtu asiyejua, hilo ni sawa na kumrudishia mlaji makombo yake. La hasha! Waliolibuni jambo hilo walikuwa na hesabu yao.

Hewa tunayovuta ina nitrojeni kiasi cha asilimia 78. Wanafunzi wa kemia wanajua kwamba nitrojeni ni gesi tulivu isiyopenda makuu. Hata hivyo, ndani ya silinda ya dizeli, joto linapopita nyuzi 1,500 hivi, utulivu huo hwisha. Nitrojeni hushikana na oksijeni na kuzaa gesi ziitwazo oksidi za nitrojeni. Hizi huwasha koo na mapafu na huchochea pumu. Zikichanganyika na mvuke wa mafuta hewani na kupigwa na jua, huzaa ozoni, ambayo nayo huumiza kifua.

Moshi uliorudishwa una oksijeni kidogo na hauwezi kuungua tena. Kazi yake ni kupunguza ukali wa joto ndani ya silinda, na joto likipungua, gesi hizo hupungua pia. Ndiyo sababu magari ya Marekani yalianza kuwekewa vali za namna hii mapema katika miaka ya 1970, na baadaye zikaenea hadi kwenye dizeli tunazonunua kutoka Japani.

FUNDI HASEMI UONGO, LAKINI...

Tusimwonee fundi. Ugonjwa anaouona upo. Masizi ya dizeli yakikutana na mvuke wa mafuta ya injini hugeuka utando mzito mweusi kama lami. Utando huo hujaa kwenye vali na katika bomba la kuingizia hewa, na siku moja vali hukwama ikiwa wazi. Hapo moshi huingia hata wakati usiotakiwa. Injini hukosa pumzi, ikakohoa.

Sasa shika neno hili moja, kwani ndilo wengi hawaambiwi. Katika pikapu na malori madogo mengi, vali ambayo ni nzima hujifunga yenyewe unapokanyaga mafuta hadi chini. Ukipanda mlima kutoka Mai Mahiu ukiwa na viazi vya Kinangop, ukielekea Marikiti, vali hiyo haikunyang'anyi nguvu. Basi ule wepesi uliousikia baada ya kuziba haukuletwa na kile kipande cha chuma. Umeletwa na kuondoka kwa vali iliyokwama. Ungeisafisha ungeupata wepesi uo huo, na kifaa chako ungebaki nacho.

Kuna mtego mwingine. Vali ikizibwa, moshi mweusi aghalabu hupungua. Mwenye gari hufurahi, na hata askari wa barabarani huona gari safi. Kumbe zile gesi za nitrojeni, ambazo jicho haliwezi kuziona zikitoka, zimeongezeka. Moshi umependeza machoni huku ukizidi ukali kifuani.

Na kama gari lako linaendeshwa kwa kompyuta, kompyuta hiyo itagundua kwamba moshi haurudi. Itawasha taa ya injini, na magari mengine hupunguziwa nguvu makusudi. Kuna wanaoizoea taa hiyo, wakaifunika kwa karatasi ya gundi. Lakini taa inayowaka kila siku haitakuonya siku kasoro nyingine kubwa itakapotokea.

MTOTO WA LONDON

Yamkini utasema, "Gari langu ni moja tu, litaleta madhara gani?" Sikiza kisa hiki cha Uingereza. Ella Adoo-Kissi-Debrah alikuwa msichana wa miaka 9 aliyeishi karibu na barabara ya South Circular, yenye magari mengi, kusini-mashariki mwa London. Aliugua pumu kali na kulazwa hospitalini karibu mara 30. Alifariki Februari 2013. Mama yake hakunyamaza. Mnamo Desemba 2020, afisa wa kuchunguza vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake, na ikaandikwa miongoni mwa sababu za kifo. Uchafu mwingi uliotajwa ulitoka kwa magari, na miongoni mwake ilikuwamo gesi ya nitrojeni tunayoizungumzia.

Hakuna aliyesema kwamba lori fulani lilimuua Ella. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Hakuna gari moja la kulaumiwa. Ni magari mengi, kila mwenyewe akisema lake ni moja tu.

Huko Marekani, mwezi wa Novemba 2020, shirika la serikali la mazingira lilikadiria kwamba zaidi ya pikapu 550,000 za dizeli ziliondolewa vifaa vya kupunguza moshi katika muda wa miaka kumi hivi. Kila mmoja wa wenye magari hayo alikuwa na sababu yake, na kila mmoja alikuwa na gari moja au mawili.

Kwetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Haki hiyo ni ya mtoto wa jirani pia, na ya mama anayeuza mahindi ya kuchoma pale magari yanapokwama kwenye msongamano.

UFANYE NINI?

Mwambie fundi, kwa heshima, kwamba hutaki izibwe. Unataka ifunguliwe na isafishwe. Injini iwe baridi. Masizi yang'olewe kwa brashi na dawa ya kusafishia kabureta, lakini sehemu yenye nyaya za umeme isitoswe kwenye dawa. Gasketi iwe mpya. Bomba la kuingizia hewa lisafishwe vilevile. Kama vali yako hufunguliwa kwa mpira mdogo wa kuvuta hewa, mpira huo ukaguliwe usiwe na ufa.

Kisha tafuteni chanzo. Kichujio cha hewa kimeziba? Nozeli zinamwaga mafuta badala ya kuyapuliza? Turbo inavujisha oili? Bila kutibu hayo, masizi yatarudi. Ikiwa maji ya radieta yanapungua bila kuonekana yanapovujia, na moshi ni mweupe, mwambie fundi akague pia kipoza moshi cha EGR, ikiwa gari lako linacho. Huenda kimetoboka.

Wako wanaodai kwamba mafuta yetu ni machafu mno kwa vifaa hivi. Dai hilo lilikuwa na uzito zamani. Tangu Januari 2015, Kenya na majirani zake walianza kutumia dizeli ambayo salfa yake haistahili kuzidi sehemu 50 katika milioni. Basi nunua katika kituo unachokiamini, wala usiliache gari likinguruma bure kwa saa nzima ukingoja mzigo. Kunguruma bila kazi hukusanya masizi.

Sikufichi kwamba kusafisha hugharimu zaidi ya kuziba, na hulaza gari kwa saa kadhaa. Vali ikiwa imekufa kabisa, kununua nyingine kutauma mfuko. Lakini ulize bei ya kusafisha kwanza, kabla hujakubali lolote. Wengi hawakuwahi hata kuuliza.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Pikapu inayokuletea mkate hulala uani mwako. Alfajiri unapoiwasha ipate joto, dirisha lililo karibu nayo kuliko yote huenda likawa la chumba wanamolala watoto wako.