KOKORO LINAMALIZA MTAJI WETU



Wageni wanaokwenda Kisiwa cha Rubondo kupiga kasia na kuvua sangara kwa ndoana, wengi huvaa miwani meusi ya namna yake. Inakata mng'ao wa jua juu ya maji, mtu akaona samaki na mawe yaliyo chini. Si pambo, ni chombo cha kazi.

Sisi hatuhitaji miwani kujua kilichoko chini. Kwenye maji mafupi, penye matete, ndiko sato hutaga na vitoto hukulia. Kokoro linaburuzwa mle mle, linavuruga viota, linazoa vyote. Sheria imelikataza, na sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa.

Wapo wanaosema eti hifadhi ni ya wageni, sisi tumenyimwa tu. Jamani, tufikiri. Rubondo ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977, na maji yake ni mazalia ya samaki. Samaki hajui mpaka. Anayekulia kule huja kuingia nyavu zetu huku. Tukimmaliza akiwa mdogo, mgeni hatakuja na sisi tutalala njaa.

Najua mwenye kokoro naye ana watoto wa kulisha. Kumfukuza tu hakutoshi. Kwa hiyo napendekeza mkutano wetu ujadili mkopo wa nyavu halali kwa kila atakayesalimisha kokoro lake. Njooni na hoja, si lawama.

Ziwa ni shamba letu. Mbegu hailiwi!

Katibu wa Tawi